Gramu Mia Mbili na Hamsini za Kila Kitu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kisauni, Likoni na Changamwe, na kwa yeyote yule mwenye sufuria, mwiko au nia ya kuvipata, kwamba kuanzia tarehe mosi kukisia jikoni kumepigwa marufuku. Vikombe, vibaba, pishi, gorogoro, viganja vya mikono na ncha za vidole havitambuliki tena. Kila kinachoingia sufuriani kitaingia kwa gramu.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Naitwa Sufyan Mwinyihaji, Afisa Msaidizi wa Kwanza katika Idara ya Uoanishaji wa Vipimo vya Jikoni. Nina kiti kinachozunguka. Kinazunguka upande wa kushoto tu, lakini kinazunguka, na wapo maafisa ambao viti vyao havizunguki kabisa.

Watu huuliza, idara ya nini hiyo? Nami huwajibu kwa upole, maana ujinga si kosa. Serikali inajua idadi ya watu, ya magari na ya nguzo za umeme. Lakini hadi mwaka jana hapakuwa na karatasi hata moja iliyojua mpishi wa Mishomoroni anatia unga kiasi gani. Ukimwuliza, "Unga kiasi gani?" anakwambia, "Kiasi." Ukimwuliza, "Kiasi gani?" anakwambia, "Kiasi chake." Nchi haiwezi kuendeshwa hivyo.

Ndipo Mkurugenzi wetu, Bwana Gedion, alipoitisha warsha ya siku nne katika hoteli moja ya Shanzu. Siku ya kwanza tuliandikisha majina. Siku ya pili tulipiga picha ya pamoja, na kwa kuwa Mkurugenzi alitoka amefumba macho, tukaipiga tena. Siku ya tatu tulijadili kama kazi yetu ni uoanishaji au ulinganishaji, na watu wawili bado hawasemeshani. Siku ya nne saa kumi na moja jioni, mizigo ikiwa tayari mlangoni, mtu akakumbuka kwamba hatujapima kitu.

Mezani palikuwa na chupa za maji, kikombe, na mizani mpya ya idara. Anayeijua mizani ile alikuwa mmoja tu, Bwana Munga, mtunza stoo, mtu mpole asiyekuwa na cheo cha kutajika. Munga akajaza kikombe maji, akakipima, akatoa uzani wa kikombe chenyewe.

"Gramu mia mbili na hamsini," akasema.

Mkurugenzi akasimama. "Andikeni. Kikombe kimoja ni gramu mia mbili na hamsini."

"Cha nini, bosi?" akauliza Munga.

"Cha kikombe."

"Naam, lakini kikombe cha nini? Maji, unga, sukari, ama—"

"Munga," akasema Mkurugenzi, "wewe una tabia ya kurudisha watu nyuma."

Jumatatu iliyofuata Munga alihamishiwa stoo ya Changamwe kulinda mizani zilizoharibika. Nasi tukatoa Jadweli Rasmi ya Uoanishaji, kurasa arubaini na mbili, vyakula mia tatu na kumi, kila kimoja kikiwa na safu yake, na kila safu ikisema gramu 250. Unga, 250. Mchele, 250. Majani ya chai, 250. Wallahi ilipendeza macho. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona takwimu zinazokubaliana namna ile.

Ilibaki kuipeleka kwa wananchi, na mwananchi wa kwanza alikuwa Bi Dhahabu.

Bi Dhahabu anauza mahamri na mbaazi za nazi Mishomoroni, kwenye kibanda cha mabati karibu na kwetu, na ameuza hapo miaka thelathini na mmoja. Mahamri yake ni mepesi, ukiyabonyeza yanarudi, ukiyapasua ndani matupu na yananukia iliki. Mimi nimekua nayo. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikumchagua kwa chuki. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa njiani.

"Shikamoo, Bi Dhahabu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeamka mapema. Nikutilie manne na mbaazi?"

"Leo nimekuja kikazi."

"Kwani kazi yenu yakataza kula?"

Nilikula kwanza, kwa ajili ya uchunguzi. Halafu nikamwomba anionyeshe kipimo chake. Akatoa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kimebambuka hapa na pale, mkono wake ulishakatika zamani. Tulikijaza maji na kukipima, na kilituudhi sana kwa kuwa sahihi kabisa.

Nikamfungulia jadweli, nikamsomea. Alisikiliza huku akigeuza mahamri mafutani.

"Kikombe cha unga gramu ngapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Na cha sukari?"

"Mia mbili na hamsini."

"Na cha majani ya chai?"

"Bi Dhahabu, mambo yote yamewekwa sawa. Ndiyo maana ya usawa."

Akaweka mwiko chini. "Sufyan, nikikubebesha debe moya la makaa na debe moya la mchanga kutoka hapa hadi Kisauni stendi, utachukua lipi?"

Nikamweleza kwamba makaa na mchanga havimo katika mamlaka ya idara yetu. Jirani yake Oduor, anayeuza maharagwe kwa gorogoro, akacheka mpaka akashika ubavu. "Buda, hapo umechomeka. Gorogoro ya maharage na gorogoro ya unga haziwezi toshana, hata ukienda na polisi." Nikaandika jina lake kwenye safu ya vikwazo.

Kwa mujibu wa kanuni, kikombe cha Bi Dhahabu kilichukuliwa kuwa kielelezo. Mkurugenzi alikiweka mezani pake akatia kalamu zake ndani. Siku ya tatu Bi Dhahabu akaja ofisini, amevaa buibui lake zuri, akakiona. Alizitazama zile kalamu kwa muda mrefu.

Mkurugenzi akamtangazia uamuzi. Idara ingezindua jadweli uwanjani Mishomoroni mbele ya Katibu kutoka makao makuu. Bi Dhahabu angepika mahamri mia tatu ya wageni kwa kufuata jadweli. Akizidisha au akipunguza hata gramu moja, kibanda kinafungwa siku hiyo hiyo, na kibali chake kinafutwa. Na mwisho wa sherehe, kama ishara ya kuaga zama za kukisia, mgeni rasmi angekiponda kile kikombe kwa nyundo. Nyundo ilishanunuliwa.

"Kibanda mwaweza kufunga," akasema Bi Dhahabu polepole. "Lakini kikombe hicho mamangu alinipa mkononi akiwa kitandani, hana kingine cha kunipa. Watoto wangu watano wamesoma kwa kikombe hicho. Bwana mkubwa, nipigie mimi hiyo nyundo, kikombe uniwachie."

Kiti changu kilizunguka kidogo, chenyewe, upande wa kushoto. Niseme kweli, nilisikia uchungu, na nikautaja kwenye kumbukumbu za mkutano chini ya Mengineyo.

"Mama, hisia hazina gramu," akasema Mkurugenzi.

Bi Dhahabu akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akainua kichwa. "Haya. Nitapika mnavyotaka. Naomba kitu kimoya tu. Niandikieni. Kila kipimo mukiandike, mutie sahihi, mugonge muhuri."

Mkurugenzi alifurahi asikwambie mtu. "Umeona, Sufyan? Hatimaye raia anayeheshimu karatasi!" Akatia sahihi yeye, nikatia mimi, tukagonga muhuri mara tatu ili asije akasema haukuonekana.

Basi alfajiri ya siku ya uzinduzi nilisimama jikoni kwake na mizani, nikiwa msimamizi. Mahamri mia tatu, kwa hesabu yake ya miaka yote, hutaka vikombe sitini na vinne vya unga, kumi na viwili vya sukari, ishirini vya tui zito. Nikavigeuza kwa jadweli. Unga, kilo kumi na sita. Sukari, kilo tatu. Tui, kilo tano.

Bi Dhahabu aliutazama ule mlima wa unga. "Vikombe vyangu sitini na vinne havifiki hata kilo tisa, mwanangu. Huu ni unga wa harusi mbili."

"Karatasi inasema kumi na sita."

"Bismillahi," akasema, akaanza kukanda.

Unga ulikataa kushikana. Ulikaa kwenye beseni mapande mapande, mkavu. Aliukandamiza kwa ngumi, kisha kwa kiwiko, kisha akaniita mimi.

"Sufyan!"

"Labeka."

"Unga huu walia kiu. Niuongeze tui?"

Nikafungua jadweli, nikaangalia. "Kiu haimo, Bi Dhahabu."

"Haya."

Hakubishana, wala hakunung'unika. Mtu mwerevu angeingiwa na wasiwasi hapo, lakini mimi nilikuwa na cheo. Unga uliwekwa uumuke, ukakaa saa tatu vile vile ulivyowekwa. Ulipokatwa ulitoa vumbi. Mahamri yalipotiwa mafutani yalizama hadi chini, yakatulia huko bila kupapatika, yakatoka yana rangi nzuri ya mlango. Kwenye fomu, mbele ya neno Tabia ya Chakula, niliandika: Nidhamu ya hali ya juu.

Uwanja ulijaa. Mahema mawili, viti vya plastiki, na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Juu yake paliwekwa kikombe cha Bi Dhahabu, na kando ya kikombe, nyundo yenye utepe. Munga aliitwa kutoka Changamwe kwa dharura, kwa sababu mizani ya maonyesho ilikuwa imekataa kuwaka na hakuna mwingine aliyejua inavyowashwa. Mkurugenzi alimwambia asimame nyuma.

Katibu alikuwa mwanamke wa makamo, Mheshimiwa Valarie Nafula, mtu wa bara, mcheshi, ambaye alitufichulia kwamba ameikimbia staftahi ya hoteli makusudi. "Nimeambiwa mahamri ya Mishomoroni hayana mfano," akasema. "Mimi leo nimekuja na njaa yangu."

Kulikuwa na dua, kulikuwa na maombi, kisha hotuba. Mkurugenzi alisoma jadweli hadi ukurasa wa tisa. Akasoma pia Kifungu cha Tisa, alichokitunga yeye mwenyewe, kwa sauti iliyomfikia kila mpishi uwanjani: "Mtu yeyote atakayelisha umma kwa kipimo kilichopotoka atanyang'anywa kipimo hicho, ataondolewa kibali chake, na atapewa mafunzo ya siku thelathini katika jiko lenye cheti, wala hatarudi kazini mpaka mwenye jiko ajaze fomu kwamba ameelewa." Halafu akamwita Bi Dhahabu jukwaani, akamkabidhi Cheti cha Utiifu Namba Moja, cha kwanza na cha pekee katika Mombasa yote. Watu wakapiga makofi. Bi Dhahabu akakikunja, akakitia kibindoni penye ile karatasi nyingine.

Ndipo sahani zikaletwa. Mheshimiwa Valarie, akiwa bado ameshika maikrofoni, akachukua hamri, akaling'ata.

Sauti ile ilisikika kwenye spika zote nne. Kitu kidogo cheupe kikaruka, kikagonga sahani, kikazunguka, kikatulia. Lilikuwa jino lake la pembeni, la kupachikwa. Tukio hili halikuwemo kwenye ratiba.

"Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi bila kupoteza sekunde, "huo ndio uimara tuliokuwa tukiuzungumzia."

Oduor, kutoka nyuma kabisa, akasema "Haki ya nani!" na watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa alifunga jino lake kwenye leso ya karatasi. Akajaribu kulivunja hamri kwa mkono, likashinda. Akaligonga kwenye meza, likatoa mlio wa kokoto.

"Nani amepika hii?"

"Huyu hapa!" Mkurugenzi akamnyooshea kidole Bi Dhahabu. "Nilijua! Ameharibu makusudi, Mheshimiwa. Kibanda chake tunakifunga sasa hivi."

Bi Dhahabu akasimama. "Nimepika mimi, mwanangu," akamwambia Katibu. "Wallahi naona haya kukupa chakula kile, sijampa mtu chakula kama kile tangu nizaliwe. Lakini mkono ni wangu, kipimo ni chao." Akatoa ile karatasi. Mihuri yote mitatu ilionekana vizuri sana.

Mheshimiwa aliisoma mara mbili. Kisha akatazama ile meza. "Hiki kikombe mnachotaka nikiponde ndicho anachopimia?"

"Ndicho, Mheshimiwa. Alama ya ujinga."

"Nani anajua kutumia hii mizani?"

Munga akainua mkono kule nyuma.

Ilichukua dakika tano, na watu walisogea mpaka mahema yakainama. Munga akaweka kikombe kitupu juu ya mizani, akazirudisha tarakimu kwenye sifuri. Akatia maji. "Mia mbili na hamsini," akatangaza. Mkurugenzi akatabasamu. Munga akamwaga, akakausha, akajaza unga uliobaki jikoni kwa Bi Dhahabu. "Mia moja thelathini."

"Mizani imeingia joto," akasema Mkurugenzi.

Munga akajaza sukari. "Mia mbili."

"Joto," akasema Mkurugenzi, ila safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Majani ya chai," akasema Mheshimiwa. Oduor akatoa pakiti yake. Kikombe kikajaa pomoni. "Themanini na tano," akasema Munga. Hapo akamgeukia Mkurugenzi, kwa adabu zake zote, akasema, "Ndiyo maana nilikuuliza kule Shanzu, bosi. Kikombe cha nini?"

Mheshimiwa Valarie aliomba asomewe tena Kifungu cha Tisa. Nilikisoma mimi, maana Mkurugenzi alikuwa ameishiwa mate. Nilipofika kwenye "kipimo kilichopotoka" akanisimamisha.

"Kipimo kilichopotoka hapa ni cha nani?"

Nikaangalia karatasi. Palikuwa na sahihi mbili. Moja ilikuwa yangu.

"Na jiko lenye cheti liko wapi?"

Hapakuwa na haja ya kuangalia popote. Lilikuwa moja tu, na cheti chake kilikuwa kibindoni. Mheshimiwa akachukua kikombe, akakipangusa unga kwa kitambaa cheupe cha meza, akampa Bi Dhahabu kwa mikono miwili. Bi Dhahabu akakiweka kifuani. Alilia, na hakujificha.

Basi taarifa hii naiandika kibandani kwa Bi Dhahabu, nikiwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ambayo haizunguki upande wowote. Ni siku ya thelathini ya mafunzo yetu, mimi na Mkurugenzi. Munga anakaimu ofisini. Kibanda kiko wazi, na kina wateja wengi kuliko zamani, wengine wanatoka Mkomani kuja kumtazama Mkurugenzi mzima akikuna nazi na tai ameitupia begani. Mwanzoni alikuwa akiuliza gramu. Bi Dhahabu anamshika mkono, anautia ndani ya unga.

"Umesikia?"

"Nisikie nini, Bi Dhahabu?"

"Kama unga umekwambia basi."

"Haujaniambia kitu."

"Basi kanda."

Anakanda. Leo asubuhi hamri lake moja liliumuka nusu, upande mmoja, na alinionyesha akiwa amefurahi sana.

Baada ya wateja kupungua, nilimletea Bi Dhahabu fomu yetu ya kuhitimu. Ni fomu niliyoibuni mwenyewe enzi zile, na bila hiyo hatutoki hapa. Ina swali moja: Uzani wa ujuzi uliopatikana, kwa gramu.

Bi Dhahabu aliisoma akicheka kimoyomoyo. "Mwanangu, ile jadweli yenu imefutwa?"

"Bado. Kamati ya kuifuta haijapangiwa kikao."

"Kwa hivyo bado ni sheria."

"Bado ni sheria."

Akachukua kikombe chake, akakipangusa, akakiweka mbele ya Mkurugenzi. Mkurugenzi akachungulia ndani. Kilikuwa kitupu.

"Bwana mkubwa, kikombe kimoya cha kitu chochote ni gramu ngapi?"

Wateja wote waliacha kutafuna. Mkurugenzi alinitazama mimi, nami nikatazama nazi.

"Mia mbili na hamsini," akasema.

"Haya, Sufyan," akasema Bi Dhahabu, akirudi kwenye karai lake la mafuta. "Muandikie hiyo."

Nikaandika.